Mawingu ya Siku Nne

Siku niliyomwona mara ya kwanza nilidhani amelala. Pikapu yake ilikuwa imeegeshwa kwenye kivuli cha ukuta wetu, na yeye yuko nyuma, juu ya godoro, kofia imemfunika uso, miguu inaning'inia nje, ndara moja imeanguka chini. Nilikuwa natoka dukani kununua fyuzi. Cheche, mchomeleaji tunayegawana naye kiwanja, akaja kunipokea akinong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Bubu, mteja wako huyo. Anasema hataki fundi wa maneno mengi. Nikamwambia, mama, hapo umefika. Huyu wetu hata ukimkanyaga, anaomba radhi yeye."

Yule mama akacheka chini ya kofia. Kumbe yuko macho.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Karakana yetu iko mwisho wa mji, pale barabara inapoanza kupanda mlima, kwa hiyo wengi wanaosimama kwetu ni wale ambao gari limewaonya kabla ya kona. Alishuka, akaitafuta ile ndara kwa mguu, huku na huku, na ilikuwa mbele yake kabisa, mchana kweupe. Niliona. Sikuwaza lolote.

"Taa zangu zimeishiwa nguvu," alisema. "Mwanga unatoka, unafika hatua kumi, unachoka."

Nikaunganisha mita. Betri nzima, altaneta inachaji vizuri. Nikafunika pua ya gari kwa turubai ili nipate giza, nikaingiza kichwa, nikawasha. Taa zilikuwa kali hadi nikafumba macho.

"Ziko sawa," nikasema.

"Sawa kwako. Wewe usiku unalala, fundi. Mimi naendesha."

Mtu mwingine angebishana. Mimi mteja akinitazama usoni, natazama bisibisi yangu. Nikatoa balbu mbili nzima, nikaweka balbu mbili nzima, akashukuru, akaondoka.

Watu wa barabara ile walimwita Mama Maziwa. Miaka ishirini na mbili aliendesha gari la kukusanya maziwa mashambani na kuyafikisha kiwandani kabla jua halijapanda. Kwenye msiba wake, mwaka jana, waliosimama kuzungumza walisema kwa miaka yote hiyo hakugonga hata kuku, na ni kweli, nilikuwa nimekaa nyuma nikatikisa kichwa kukubali. Walisema pia alikuwa mkali kwa wanaume waliochanganya maziwa na maji. Hilo nalo kweli. Hawakusema kitu kuhusu nyota, labda kwa sababu kwenye msiba wa mtu mzima si jambo la kutaja.

Alikuwa akitoka nyumbani saa tisa usiku. Saa yake ya mkononi ilikufa mwaka wa pili wa kazi na hakununua nyingine, akajifunza kusoma saa juu. Nyota hakuzijua kwa majina ya vitabuni. Alizipa majina ya wateja wake, kwa jinsi zilivyokuwa zimekaa juu ya mashamba yao alipofika: Mjane wa Bondeni, Pacha wa Juu, Mzee Ng'ombe Mmoja. "Mzee Ng'ombe Mmoja akishuka nyuma ya mnara wa maji," aliniambia, "basi nimechelewa, na maziwa ya watu yanaanza kuchacha." Kilimia peke yake, lile kundi dogo la nyota, alikiacha na jina lake. Mama yake ndiye aliyemwonyesha, wakati wa kupanda, na Kilimia, alisema, hakichezewi.

Mumewe alimtaka achague, usukani au nyumba. Kisa hicho alinieleza kwa sentensi moja tu. "Nikamwuliza, nyumba ina matairi?" Binti yao mmoja alikulia kwenye kiti cha pili cha gari la maziwa, amefungwa koti, akisinzia toka shamba hadi shamba.

Kiwanda kiliponunua malori ya matangi, kikawaachisha kazi madereva na kuuza magari ya zamani. Yeye akanunua lake, ndiyo pikapu hii. Ubavuni lilikuwa bado na ng'ombe wa rangi aliyekwisha kufutika, imebaki miguu minne bila kichwa. Tangu hapo, kila mwaka, kiangazi kikikolea na usiku ukiwa hauna mwezi, alitia godoro nyuma, maji madumu mawili, akaondoka peke yake wiki mbili. Alipanda mlima kona kwa kona, akavuka uwanda wa juu wenye nyasi, akalala popote gari lilipomridhisha.

"Unakwenda kumwona nani?" Cheche alimwuliza.

"Siendi kwa mtu. Naendesha. Usiku nalala chali, natazama."

"Bure tu?"

"Wewe ukitazama mpira unalipwa?"

Alirudi baada ya wiki moja tu. Taa, alisema, bado zinachoka. Safari hii alisema kwa hasira, na alisema mafundi tumekuwa wezi, tunauza balbu za karatasi. Nikaingia chini ya dashibodi kukagua nyaya. Hapo, kwenye bati la ndani karibu na usukani, nikaona mikwaruzo ya msumari, imepangwa mistari. Mstari wa kwanza mikwaruzo tisa. Wa pili tisa. Wa tatu tisa. Halafu nane. Halafu sita. Wa mwisho minne.

"Hii nini, dada?"

"Kilimia," alisema. "Kila mwaka nikifika juu nahesabu nyota zake. Watu wengi wanaona sita. Mimi tisa." Akapangusa usukani kwa kiganja. "Mwaka juzi kulikuwa na vumbi. Mwaka jana ukungu."

Nilikuwa nimelala chali chini ya usukani, naitazama ile mistari. Nikaelewa. Sina shule kubwa, lakini ukishika umeme miaka ishirini na tano unajua kitu kimoja: taa ikiwa nzima, waya mzima, betri nzima, tatizo liko mbele zaidi. Liko kwa anayetazama. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikakaza skrubu ambayo haikuwa imelegea, nikatoka.

"Nimesafisha nyaya," nikasema.

Siku mbili baadaye simu yangu ikalia. Sauti ya mwanamke kijana, ya mtu aliyezoea kusikilizwa na watoto arobaini.

"Wewe ndiye fundi unayemwekea mama yangu mataa?"

"Mimi."

"Mimi ni binti yake, nafundisha shule ya msingi, nakupigia wakati wa mapumziko, sina muda. Mama haoni, baba. Hospitali walimwambia mwaka juzi. Macho yanakufa kuanzia pembeni, usiku ndiyo kabisa. Anaona kama anayechungulia tundu la ufunguo. Mimi nikisema, ananiambia nimeanza kumzika. Wewe fundi anakusikiliza."

"Mimi?"

"Basi usiseme. Liharibu gari. Kata waya, fanya lolote, lisiwake. Nakuomba kama mwanao. Atakufa kwenye zile kona, au ataua mtu."

"Nitaangalia," nikasema.

Nitaangalia. Hilo ndilo neno nililompa.

Mara ya tatu alikuja jioni, makusudi, ili tutege taa kwa giza. Tuna ukuta nyuma ya banda la Cheche, nimeuchora msalaba wa chaki kwa kila taa, usawa wa goti. Gari linasimama hatua kumi, mwenyewe anakaa kwenye usukani, mimi nageuza skrubu mpaka mwanga uangukie msalaba, naye anasema hapo. Ndivyo ninavyofanya kwa kila mteja.

"Pandisha," akasema. Nikapandisha. "Pandisha bado. Kushoto pandisha." Mwanga ukauacha msalaba, ukapanda ukuta, ukafika kwenye mabati ya paa, popo wawili wakatoka. "Hapo!" akasema. "Hapo hapo. Sasa umetega, fundi."

Cheche akanitazama.

Alipokwenda bombani kunywa maji, akitembea mkono mmoja ukifuata ukuta, nikazishusha taa haraka mpaka kwenye msalaba, kwa ajili ya madereva ambao angekutana nao. Akarudi, akakaa, akatazama.

"Afadhali," alisema. "Umeona? Kumbe ilikuwa kutega tu."

Ningeweza kukata waya. Koleo lilikuwa mkononi. Ningeweza kusema, dada, msalaba uko chini na wewe unatazama paa. Badala yake, aliponiuliza kama naweza kumfungia taa za ziada, nikasema naweza. Nikafunga nne kwenye bampa, kwa relei yake na swichi yake, nyaya nimezilaza vizuri, nimezifunga kila shubiri. Sijawahi kufunga taa vizuri kama zile. Alipoziwasha kiwanja kizima kikawa cheupe, akaondoka zake mlimani.

"Bubu," Cheche akasema taratibu, "umemvisha kipofu miwani ya dhahabu."

Sikulala vizuri siku zile. Kila lori lililoshuka nilimwuliza dereva kama kuna gari limeanguka. Siku ya nne usiku simu ikalia. Upepo ulikuwa mwingi upande wake.

"Fundi, niko juu ya mwamba, natafuta mtandao. Huko kwenu mawingu yapoje?"

Nikatoka nje nikatazama. Hapakuwa na wingu hata la dawa. Nyota zilikuwa zimemwagika mbingu nzima, na Kilimia kiko mashariki, kimekusanyika kama kawaida yake.

"Kwa nini, dada?"

"Huku yamekaa. Siku ya nne leo. Mchana jua kali, jua likizama tu yanafunga, hata nyota moja hakuna. Nimengoja, maji yanakaribia kuisha. Jana akapita mchunga ng'ombe, nikamwambia mawingu gani haya, akanitazama, akaenda zake bila kuaga. Watu wamekosa adabu siku hizi."

"Usiendeshe," nikasema. "Dada, usiwashe gari. Nakuja."

"Unakuja kufanya nini? Taa ziko sawa."

Simu ikakatika. Nikampigia binti, nikamweleza, akalia, akasema yuko mbali, lori la mwisho kwa upande wake limeshaondoka. Asubuhi nikapanda lori la mbao. Cheche alinisindikiza mpaka mlangoni mwa lori. "Haya nenda," akasema. "Lakini mdomo uende nao, usiuache nyumbani."

Dereva wa mbao alinishusha jioni pale alipoiona pikapu, pembeni ya barabara ya vumbi, nyasi pande zote hadi mwisho wa macho. Alikuwa amekaa nyuma, kwenye godoro, amejifunga blanketi, uso ameuinua. Gari liliegeshwa vizuri kabisa, matairi yamekingwa kwa mawe. Alinijua kwa mwendo.

"Umekuja kweli. Kaa. Leo huenda yakafunguka."

Nikakaa. Jua likazama. Sijui kama nitaweza kueleza vizuri jinsi nyota zinavyotoka kule juu, kusiko na taa hata moja ya mtu. Zilitoka moja, tatu, halafu zikawa nyingi kiasi kwamba sikuona tena zilivyokuwa zikiongezeka. Zilishuka mpaka kwenye nyasi. Nilikuwa naweza kuyaona macho yake kwa mwanga wao. Yalikuwa wazi, yametulia, yanatafuta.

"Umeona?" alisema. "Hakuna kitu. Blanketi tupu."

Nikashika ukingo wa gari.

"Hakuna mawingu, dada."

Akavuta blanketi mabegani.

"Hapakuwa na mawingu jana wala juzi. Nyota zipo zote. Zimejaa. Hata taa zako zilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Nilijua. Nilijua toka nilipoiona ile mikwaruzo."

Upepo ulipita kwenye nyasi, ukarudi. Nilidhani atanipiga. Ningefurahi angenipiga.

"Daktari aliniambia," alisema mwishoni. "Nikamwambia, wewe unajua macho, hujui magari. Nikasema wacha nimwone anayejua magari, nisikie naye atasemaje." Akapangusa uso kwa blanketi. "Ukanibadilishia balbu. Nikasema, basi, daktari amekosea. Mara tatu, fundi. Mara tatu ulinirudisha barabarani."

Akauinua uso tena.

"Kilimia kiko wapi?"

"Juu ya boneti ya gari, kidogo kulia."

"Nyota ngapi?"

Nikahesabu. "Sita."

"Hesabu vizuri! Usinihesabie kama watu wa mjini."

Nikahesabu tena na tena, machozi yakinichanganya, nikapata sita, nikapata saba, nikakosa, nikaanza upya. Alinikemea kama mwanafunzi mzito. Mwisho akasema basi, nimuache. Akajilaza, akajifunika mpaka kichwani. Nilimsikia usiku kucha. Hakuwa analia kama watu wanavyolia. Alikuwa akitaja yale majina ya mashamba, moja baada ya jingine, Mjane wa Bondeni, Pacha wa Juu, akifika mwisho anakwama, anaanza tena.

Asubuhi alisema ataendesha yeye. Nikasema hapana. Lilikuwa neno la kwanza la namna hiyo kumwambia mtu yeyote mzima. Tukasimama pale, yeye kashika mlango, mimi nimesimama mbele ya gari, na hakuna gari jingine lililopita kuamua kati yetu. Jua lilikuwa limepanda sana alipokubali. Akautoa ufunguo mfukoni, akaushika kwanza kwa mikono miwili.

"Nakukopesha," alisema. "Mpaka getini kwangu. Ukifika unaniwekea hapa," akafungua kiganja, "hapa mkononi mwangu, si kwa mtu mwingine. Gari likae uani, ufunguo ukae kwangu. Hata kama silali humo tena. Nikiwa nao najua bado naweza kuondoka. Sema."

"Nitakuwekea mkononi."

"Sema wallahi."

"Wallahi."

Tulishuka polepole. Njia nzima yeye ndiye aliyekuwa anaona. Kabla ya kila kona ananiambia kilicho ng'ambo yake: sasa msitu unaisha, sasa kuna jiwe kama ngamia, sasa bonde litafunguka kushoto, simama. Ninasimama. Anageuza kichwa taratibu, anatafuta bonde kwa kile kitundu kilichobaki.

"Unaona nini?"

"Bonde."

"Bonde tu? Maskini wee. Rangi gani?"

"Kama... kijani. Chini bluu."

"Na moshi?"

"Upo. Sehemu tatu."

"Tatu. Wamebaki watatu," alisema, na sikumwuliza kina nani. Akakaa akitazama upande ambao bonde halikuwepo, na sikumsahihisha. Mara nyingine alinisimamisha mahali pasipo na kitu, ukuta wa udongo tu, akaniambia nimwachie dakika moja. Ndiyo maana tukachelewa. Ilikuwa mchana wakati tunaanza kona za juu, na tulipoingia mjini kwake, giza lilikuwa linashuka na watu wanawasha taa madirishani.

Binti yake alikuwa amesimama getini, bado na vumbi la chaki kwenye mikono ya shati. Alionekana hajala siku nzima. Mama aliposikia geti, akakaza mgongo, akashuka mwenyewe, akashika ubavu wa gari, hatua mbili, tatu. Akasimama. Akanyoosha mkono, kiganja juu, kuelekea upande wa dereva, mahali nilipokuwa nimekaa. Mimi nilikuwa nimekwisha kushuka na kuzunguka mbele.

Binti alinitazama tu, naye akanyoosha wake.

Viganja viwili. Nilisimama katikati na ule ufunguo, na kile kiapo, na zile kona zote kichwani mwangu, na mimi ni mtu ambaye maisha yangu yote nimempa kila anayenitazama usoni kile anachokitaka. Mmoja wao alikuwa ananitazama usoni. Nikauweka ufunguo kwenye kiganja cha binti, taratibu, ili usilie. Ukalia.

Mama akageuza kichwa kuifuata ile sauti, akaikosa. Kiganja chake kilibaki wazi palepale.

"Fundi," alisema. "Fundi, umempa nani?"